Fosbrooke na hesabu ya marika

Henry Fosbrooke aliingia Tanganyika mwaka 1931 akiwa kijana, kuanza kazi ya ubwana shauri. Wengi wa kada yake walikusanya kodi, wakaamua kesi, wakahamishwa, wakasahauliwa. Yeye kazi ilimfikisha Umaasaini, akakaa na wazee na kuwauliza mambo ambayo serikali haikumtuma kuyauliza: fulani aliwafuata akina nani, vita ile ilipiganwa wakati wa morani gani, kisima kile kilichimbwa na nani.

Anayetoka Karatu akavuka geti la Lodoare na kupenya ule msitu wa ukungu hadi ukingoni, huona chini yake kreta ya Ngorongoro, uwanda wa kilomita za mraba 260 hivi. Kwa karne nyingi watu wamelisha, wamepigana na kuzikana katika uwanda huo, na hawakuacha hata ukurasa mmoja. Atakayetaka historia yake aanzie wapi?

Fosbrooke alianzia kwenye marika. Vijana wa Kimaasai wanaotahiriwa katika kipindi kimoja hupata jina moja, na jina hilo huenda nao mpaka uzeeni. Mzee ukimuuliza jambo lilitokea lini, hatataja mwaka. Atakwambia morani wa wakati ule walikuwa Iltalala. Ukimwomba aanzie kwa Ilterito na kurudi nyuma, atakutajia kabla yao Iltareto, kabla yao Iltuati, kisha Iltalala, kisha Ilaimer, na kuendelea mpaka kumbukumbu ikatike. Kwa kulinganisha orodha kama hizo na kukadiria kwamba rika hupokewa na jingine kila baada ya miaka 15 hivi, Fosbrooke alipata ngazi ya kushukia karne ya 19 na zaidi.

Ngazi isiyoegemea kitu huanguka, kwa hiyo alihitaji matukio yenye tarehe. Mojawapo ni sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alishuka kwenye kreta akakuta Wamaasai waliobaki mifupa mitupu kwa njaa, akayaandika aliyoyaona. Wazee nao husema ng'ombe walikwisha Iltalala wakiwa morani. Kitabu cha mgeni na kinywa cha mzee vinakutana hapo kwenye mizoga ile ile. Fosbrooke alichapisha utafiti wake wa mfumo wa jamii ya Wamaasai mwaka 1948, na ule wa marika kama kipimo cha wakati mwaka 1956. Kwangu mimi, huu wa pili ndio kazi yake kubwa kuliko zote, hata kuliko kile kitabu chake maarufu cha Ngorongoro cha mwaka 1972.

Mtumishi wa dola kuandika historia si jambo geni duniani. Jan Długosz wa Poland, aliyefariki mwaka 1480, alitumwa na mfalme wake kwenye mashauriano na watawa wapiganaji wa Prussia, na wakati huohuo akaandika historia ya nchi yake. Baba yake alipigana katika vita ya Grunwald mwaka 1410, kwa hiyo vita ile aliisikia nyumbani kabla ya kuiandika. Lakini Długosz aliandika habari za watu wake. Fosbrooke aliandika habari za watu waliotawaliwa na serikali iliyomlipa mshahara, na tofauti hiyo ni nzito.

Uzito wake ulionekana mwaka 1959, Wamaasai walipoondolewa Serengeti na Ngorongoro ikatengwa iwe eneo la watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Gavana Turnbull aliwaahidi wazee kwamba masilahi ya watu na ya wanyama yakigongana, ya watu yatatangulia. Fosbrooke alishika uhifadhi wa Ngorongoro miaka ya 1961 hadi 1965, akiwa katikati ya ahadi hiyo na wale walioona boma kuwa doa kwenye mandhari. Aliamini ng'ombe na pundamilia wanaweza kulisha pamoja, kwa sababu alijua wamelisha pamoja muda gani. Hata mwaka 1962, inzi wa kuuma walipozaliana kupita kiasi na simba wa kreta wakapungua wakabaki kama 10, aliandika juu ya tukio hilo kama mwanahistoria aandikavyo juu ya njaa. Mwaka 1965 alimwachia Solomon ole Saibull kazi hiyo ya uhifadhi.

Nina neno na hesabu yake, hata hivyo. Marika ni ya wanaume, kwa hiyo wanawake waliobeba watoto mwaka ule wa sotoka hawana jina ndani yake. Tena ni hesabu ya walioshinda. Kabla ya Wamaasai, kreta ilikuwa ya Wadatoga, waliosukumwa kuelekea Ziwa Eyasi katika karne ya 19, na kalenda ya morani huwataja pale tu wanapofukuzwa. Makaburi ya wakubwa wao bado yako chini kule.

Nyaraka za Fosbrooke zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana wa Kimaasai kutoka Endulen, Ngorongoro, anayesoma pale anaweza kuagiza boksi, akafungua, akakuta rika la babu wa babu yake.