AC na tanuru la gesi Marekani: Mambo 8 ya kujua kabla ya kusaini mkataba wa fundi

Ni usiku wa Januari, nje theluji imejaa, na tanuru la gesi limezima. Fundi anafika, anamulika tochi ndani ya mashine, anatikisa kichwa: imekufa. Nusu saa baadaye mezani kuna karatasi yenye bei ya maelfu ya dola, na kalamu pembeni. Watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba. Nani atakataa kusaini?

Hali hii inawakuta wenye nyumba wengi Marekani, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kenya, Tanzania na Kongo walionunua nyumba zao za kwanza katika miji kama Minneapolis, Columbus, Louisville, Dallas na Houston. Aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam anaijua AC ya ukutani, chumba kimoja mashine moja. Mfumo wa nyumba ya Marekani ni kitu kingine, na asiyeujua hulipa zaidi ya anachohitaji.

Haya hapa mambo 8 yanayosaidia kupata mfumo wa bei nafuu bila kujutia baadaye.

1. Ni mashine mbili zinazotumia feni moja

Tanuru la gesi hukaa ndani, mara nyingi chumba cha chini ya nyumba, kwenye dari au kwenye kabati. Linachoma gesi, joto linapita kwenye chuma, na feni inasukuma hewa ya moto hadi vyumbani kupitia njia za hewa. Moshi hutolewa nje kwa bomba lake.

AC ina sehemu mbili. Nje kuna sanduku lenye kompresa, na ndani kuna koili inayokaa juu au pembeni ya tanuru. Wakati wa kiangazi, feni ile ile ya tanuru ndiyo inayosambaza hewa baridi.

Ndiyo maana kubadilisha vyote viwili kwa pamoja mara nyingi huokoa gharama ya ufundi. Lakini si lazima. Kama AC ina miaka mitano na inafanya kazi vizuri, kufa kwa tanuru si sababu ya kuitupa. AC nyingi hudumu karibu miaka 15, na tanuru miaka 15 hadi 20.

2. Ukubwa unapimwa, haukisiwi

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. AC hupimwa kwa tani, na tani moja ni BTU 12,000 kwa saa. Jina hilo limetoka enzi za barafu: ni ubaridi unaopatikana tani moja ya barafu ikiyeyuka kwa saa 24.

Mafundi wengine hukadiria kwa kutazama ukubwa wa nyumba tu, kwa mfano tani moja kwa kila futi za mraba 500. Nyumba mbili zenye ukubwa sawa zinaweza kuhitaji mashine tofauti kabisa, kutegemea madirisha, dari, kuta na upande jua linapopiga. Hesabu sahihi inaitwa Manual J, na fundi makini huifanya kabla ya kutaja bei.

Mashine kubwa kupita kiasi si faida. AC kubwa hupoza haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu, hivyo nyumba inakuwa baridi lakini yenye ubichi. Tanuru kubwa huwaka na kuzima mara kwa mara, vyumba vingine vinaungua na vingine vinabaki baridi. Na mteja amelipia ukubwa ambao hautumii.

Kuna mtego mwingine. Namba kubwa kwenye tanuru mara nyingi ni ya gesi inayoingia, siyo joto linalotoka. Tanuru la BTU 80,000 lenye ufanisi wa asilimia 80 hutoa BTU 64,000. Lenye asilimia 96 hutoa BTU 76,800. Kwa hiyo fundi anayesema "tunarudishia size ile ile" huenda anaweka mashine kubwa kuliko ya zamani.

3. Namba mbili za kusoma: AFUE na SEER2

AFUE ni ya tanuru. Inaonyesha katika kila dola 100 za gesi, ni ngapi zinageuka kuwa joto ndani ya nyumba. Matanuru ya kawaida ya bei ya chini yana 80. Ya daraja la juu yana 95 na kuendelea.

SEER2 ni ya AC. Ikiwa kubwa, umeme unaotumika ni mdogo. Tangu Januari 1, 2023, AC mpya za mfumo huu zenye chini ya BTU 45,000 zinatakiwa kuwa na angalau 13.4 katika majimbo ya kaskazini, na 14.3 katika majimbo ya kusini.

Kumbuka kwamba namba hiyo hupatikana tu pale sehemu ya nje na koili ya ndani zinapooana. Mteja ana haki ya kuomba namba ya cheti cha AHRI kinachoonyesha kuwa vifaa hivyo vimepimwa vikiwa pamoja. Sanduku jipya nje na koili ya zamani ndani siyo mfumo mpya.

4. Weka pesa pale hali ya hewa inapouma

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba ya kaskazini inatumia themu 750 za gesi kwa mwaka ikiwa na tanuru la asilimia 80. Themu ni kipimo kinachoandikwa kwenye bili ya gesi. Ikiwekewa la asilimia 96, itatumia 625. Kama themu moja ni dola 1.20, akiba ni dola 150 kwa mwaka. Tanuru hilo likizidi bei kwa dola 1,500, pesa inarudi ndani ya miaka 10.

Sasa hamia Houston, ambako baridi ni ya wiki chache. Nyumba inayotumia themu 200 itaokoa themu 33 tu, kama dola 40 kwa mwaka. Pesa ile ile itachukua zaidi ya miaka 37 kurudi, na tanuru litakuwa limeshakufa.

Kwa AC ni kinyume chake. Mashine ya tani 3 ikifanya kazi saa 1,500 kwa mwaka, kutoka SEER2 ya 14.3 hadi 17 huokoa kama uniti 600 za umeme. Kwa senti 16 kwa uniti, ni dola 96. Kaskazini, ambako inafanya kazi saa 600, akiba ni kama dola 38.

Kwa kifupi, Minnesota lipia tanuru zuri na AC ya kawaida. Texas lipia AC nzuri na tanuru la asilimia 80. Kununua vyote vya daraja la juu mara nyingi ni kumnufaisha muuzaji.

5. Gharama iliyojificha ya tanuru la asilimia 95

Tanuru la asilimia 80 hutoa moshi wa moto sana kupitia bomba la chuma au dohani ya matofali. La asilimia 95 hunyonya joto hadi moshi unapoa na kutoa maji. Linahitaji bomba la plastiki la kutolea moshi na sehemu ya kumwaga maji hayo, ambayo yana asidi kidogo.

Kazi hiyo ina bei yake, na lazima ionekane kwenye makadirio. Bomba la nje pia liwe juu ya kiwango cha theluji, la sivyo likizibwa tanuru litazima.

Jambo linalosahaulika ni hita ya maji ya gesi. Ikiwa ilikuwa inatumia dohani moja na tanuru la zamani, sasa inabaki peke yake ndani ya dohani kubwa kupita kiasi. Moshi wake unaweza kupoa, kushindwa kupanda na kurudi ndani. Mara nyingi dohani huhitaji kuwekewa bomba dogo ndani yake. Fundi asiyelitaja hilo aulizwe.

6. Nembo nyingi, viwanda vichache

Wapo wanaolipa zaidi kwa ajili ya jina. Kumbe majina mengi yana mzazi mmoja. Goodman na Amana ziko chini ya Daikin ya Japani, iliyoinunua Goodman mwaka 2012. Bryant na Payne ni za Carrier. American Standard na Trane ni ndugu. Ruud na Rheem vilevile.

Nembo ya bei ya chini kutoka kampuni hizo inaweza kuwa chaguo zuri, maana mara nyingi tofauti kubwa huwa kwenye kelele, urembo wa nje na masharti ya waranti. Kinachoua mashine mapema zaidi ni ufungaji mbaya: gesi ya kupoozea iliyojazwa vibaya, njia za hewa nyembamba, nyaya zilizolegea.

Kwa nyumba ya kawaida, tanuru la hatua moja na AC ya kasi moja vinatosha. Vina vipuri vichache na ni rahisi kutengeneza. Mashine za kasi inayobadilika ni tulivu zaidi, ila zikiharibika kipuri kimoja kinaweza kuwa ghali sana.

7. Angalia gesi ya AC na njia za hewa

AC za zamani sana hutumia R-22, ambayo Marekani iliacha kuitengeneza na kuiingiza tangu Januari 1, 2020. Iliyopo ni akiba na ile iliyosafishwa upya. Kama mashine ya R-22 inavuja, kuijaza kila mwaka ni kumwaga pesa.

Iliyofuata, R-410A, nayo inaondoka. Mashine mpya za nyumbani sasa zinatumia R-454B au R-32, ambazo zina madhara madogo zaidi kwa hali ya hewa ya dunia. Gesi hizi hazichanganywi, na koili ya moja haifungwi na sanduku la nyingine. Anayezishughulikia lazima awe na cheti cha EPA kiitwacho Section 608.

Njia za hewa nazo zikaguliwe. Kwa mujibu wa mpango wa Energy Star, nyumba ya kawaida hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa kupitia matundu na viungo vilivyoachia. Kuziba viungo hivyo kunaweza kuleta nafuu kuliko kupanda daraja la mashine.

8. Usisaini siku hiyo hiyo

Makadirio matatu ya maandishi ndiyo kinga kubwa. Kila moja lionyeshe namba za modeli, ukubwa, AFUE na SEER2, kibali cha jiji, kuondoa mashine ya zamani, na waranti ya vipuri na ya kazi. Bei ya kampuni mbili kwa mashine ileile inaweza kupishana kwa maelfu ya dola.

Mashine ikizima katikati ya baridi, kwanza ulizia kama inatengenezeka. Kitambuzi cha moto kilichochafuka au kiwashio kilichokatika ni ukarabati mdogo ukilinganisha na tanuru jipya. Akisema chuma kinachotenganisha moshi na hewa kimepasuka, aonyeshe ufa kwa picha. Hilo likithibitika ni hatari ya kweli, tanuru lisiwashwe. Hita ndogo za umeme zinaweza kusaidia siku mbili tatu wakati fundi wa pili anakuja kutazama.

Aliyeshasaini nyumbani kwa presha bado anaweza kuwa na nafasi. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inampa mteja haki ya kufuta mauzo mengi yanayofanyika nyumbani kwake hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi. Lakini asisaini karatasi ya kuacha haki hiyo kwa sababu ya "dharura" bila kuielewa.

Kuhusu msaada, punguzo la kodi la serikali kuu kwa vifaa hivi lilikoma kwa vilivyofungwa baada ya Desemba 31, 2025. Muuzaji anayeendelea kulitaja aulizwe vizuri. Bado yapo marejesho ya kampuni za umeme na gesi katika maeneo mengi. Familia zenye kipato kidogo zinaweza kuomba kupitia LIHEAP au Weatherization Assistance Program, ambazo katika majimbo mengi husaidia hata kutengeneza au kubadilisha tanuru.

Mkopo wa "riba sifuri" nao una siri yake: mara nyingi gharama yake imeshaingizwa kwenye bei. Swali moja tu linaifichua: "Nikilipa taslimu, ni bei gani?"

Baada ya kufungwa

Sajili waranti mapema. Kampuni nyingi hutoa miaka 10 ya vipuri kwa aliyesajili ndani ya siku 60 au 90, na miaka 5 kwa aliyesahau. Chujio jembamba la hewa likaguliwe kila mwezi na libadilishwe likichafuka, angalau kila miezi mitatu.

Na kabla ya tanuru lolote la gesi kuwashwa, liwe jipya au la zamani, kila ghorofa iwe na king'ora cha kaboni monoksaidi, hasa karibu na vyumba vya kulala. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. King'ora ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, na ndicho kisichofaa kuahirishwa.

Ununuzi bora hufanyika kabla mashine haijafa. Mwezi wa Aprili au Oktoba mafundi huwa na nafasi, bei hujadilika, na hakuna mtoto aliyevaa koti sebuleni.