Gari la Kazi Likigeuzwa Malazi ya Safari

Gari la kazi ni gari lililoundwa kwa ajili ya mzigo kwanza, starehe baadaye: pikapu ya shambani, gari la kusambaza mikate, haisi ya abiria, Land Cruiser ya mradi wa maji. Kulitumia gari la namna hiyo kwa matembezi na kupiga kambi ni kulala ndani yake, juu yake au ubavuni mwake, huku likibeba maji, chakula na mafuta ya kumtosha msafiri pasipo na duka.

Mfano maarufu kuliko yote ulianzia Ujerumani. Mwaka 1947 mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alichora kwenye daftari lake gari lenye umbo la sanduku, injini ikiwa nyuma na dereva mbele kabisa. Volkswagen ilianza kuliunda Machi 1950, na wanunuzi wake walikuwa mafundi na wenye maduka. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ilitoa seti ya samani iliyoweza kuingizwa ndani ya gari hilo na kutolewa tena, ili siku za kazi libebe bidhaa na mwisho wa wiki libebe familia. Neno letu “kombi” ni masalio ya jina la gari hilohilo. Baadaye samani zilikuja kufungwa moja kwa moja, gari likawa la matembezi tu. Kwa maoni yangu lile wazo la mwanzo ndilo lililokuwa bora, maana mwenye gari moja hawezi kumudu gari lisilorudi kazini.

Uingereza ilikuwa na Land Rover, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 kama chombo cha mkulima. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Mwaka 1955 wanafunzi wa Oxford na Cambridge waliondoka London na mbili za aina hiyo, wakafika nazo Singapore mwaka uliofuata.

Afrika Mashariki nafasi hiyo sasa imeshikwa zaidi na Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984. Tanzania watu huiita “mkonga”, kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Injini yake iliyozoeleka hapa, 1HZ, ni ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta. Kwa msafiri hilo lina maana moja kubwa: ikisumbua Karatu au Mto wa Mbu, fundi anaweza kuifungua kwa spana alizonazo. Nyingi huanza maisha zikiwa na namba za miradi ya wafadhili, DFP, na mradi ukiisha hupigwa mnada na kupata namba za kawaida. Magereji ya Arusha hurefusha chasisi zake na kuzitengenezea paa la kufunguka kwa ajili ya watalii. Mpiga kambi wa kawaida hahitaji yote hayo.

Kinachomfaa zaidi kiko chini ya gari, nacho ni springi za pasi za nyuma. Zimekusudiwa kukaa na mzigo. Pikapu tupu hurukaruka na kumchosha abiria, lakini ukiipa kilo 300 au 400 inatulia barabarani. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakadhani gari la mzigo halishibi. Madumu matatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60. Madumu mawili kama hayo ya dizeli yanakaribia kilo 34. Hema la juu ya keria linaweza kufika kilo 60, na bado hujapakia tairi la pili la akiba, friji, jiko, wala watu wenyewe. Maji na mafuta vikae chini, karibu na ekseli. Kila kilo inayopandishwa kwenye keria humfanya dereva alipe kwenye kona, na barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati hutikisa miguu ya keria hadi bolti zikalegea au paa likapasuka.

Vumbi nalo linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu wengi hulipiga vita mahali pasipo. Gari linapokwenda huacha nyuma yake eneo ambalo mgandamizo wa hewa umepungua, na vumbi lililotimuliwa na matairi hurudi kugandamana na mlango wa nyuma. Likipata upenyo linaingia, likalala juu ya magodoro na ndani ya masufuria. Kipimo cha fundi ni karatasi: aiweke kati ya mlango na mpira wake, afunge, kisha aivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umekufa mahali hapo. Mipira ikishabadilishwa, fungua matundu ya hewa ya mbele na uwashe feni, ili hewa ya ndani isukume kwenda nje badala ya gari kunyonya vumbi.

Umeme ni hesabu tu. Friji dogo la volti 12 hula, kwenye joto, kama ampea-saa 40 hadi 50 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo inatosha siku moja, kisha gari litembee au paneli ya jua ifanye kazi. Betri hiyo iwe ya pili, ikitenganishwa na ile ya kuwashia gari kwa rilei inayojikata injini ikizimwa. Asubuhi ya kusukuma gari la tani mbili na nusu kwenye mchanga hakuna anayeitaka.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Ukingo wa Ngorongoro, penye kambi ya Simba, uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake inauma. Mtu anaweza kushawishika kuingiza jiko la mkaa garini ili apate joto. Mkaa uliokwisha kutoa moshi unaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu akiwa usingizini. Bati na vioo vya gari haviipi pa kutokea. Mtungi wa gesi nao ukivuja, gesi yake ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni ikisubiri cheche. Pikia nje. Joto litafute kwenye mablanketi. Chakula kifungiwe garini, kisiwekwe ndani ya hema la chini, maana fisi na tembo huja na pua zao.

Kabla ya yote, gari ni la nani? La ofisi au la mradi linahitaji kibali cha maandishi kwa safari isiyo ya kazi, na bima iliyokatwa kwa ajili ya biashara yafaa isomwe neno kwa neno, kwani ajali ya matembezini inaweza isigharamiwe.

Kwa anayemiliki pikapu yake, mpangilio ninaoupendekeza ni sanduku moja la mbao ngumu za plaiwudi: droo mbili ndefu chini, moja ya jiko na sufuria, nyingine ya zana, jeki na kamba ya kuvutia, juu yake godoro. Lifungwe kwa bolti nne kwenye matundu ya sakafu ambayo tayari yapo, bila kutoboa mengine. Jumapili jioni bolti zinalegezwa, watu wawili wanalishusha na kuliweka juu ya matofali ili mchwa wasilifikie. Sakafu inafagiliwa. Jumatatu saa moja asubuhi pikapu iko dukani, inapakia saruji.