Simu zinahamia njia ya intaneti: ile simu ndogo itabaki wapi?

Wengi wenye simu za 4G wameona jambo hili: uko kwenye intaneti, mtu anakupigia, alama ya 4G inapotea, inakuja 3G ao herufi E. Intaneti inakuwa nzito ao inasimama. Ukikata, 4G inarudia. Simu haijaharibika. Ni kwamba rezo ingali na njia mbili: ya zamani kwa sauti, mpya kwa intaneti. Kampuni za simu duniani kote sasa zinataka kubaki na moja tu.

Njia ya zamani

Hapa, ukimupigia mtu, kampuni inawatengea njia yenu wawili mpaka mnamaliza kusema. Hata mkinyamaza, hakuna mwingine anaipitia. Ndivyo zilifanya kazi laini za nyaya za OCPT, na ndivyo 2G, iliyoanza Finlandi mwaka 1991, inapitisha sauti.

Njia mpya

Sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na adresi ya kule kinaenda. Vinapita pamoja na vipande vya picha na video, kisha vinaunganishwa upande wa pili. Mutindo huo unaitwa IP. Sauti ikipita hivyo juu ya 4G, inaitwa VoLTE: inasikika safi, simu inaita haraka, na intaneti haisimame.

Kampuni zinaipenda juu kutunza rezo moja ni rahisi kuliko mbili. Tena masafa ya redio yaliyoshikwa na 2G na 3G yanaachiliwa kwa intaneti.

Nani anaweza kubaki nyuma?

VoLTE inaomba simu inayoiweza, na hata simu za 4G si zote. Marekani, kampuni AT&T ilizima 2G mwaka 2017 na 3G mwaka 2022. Simu zisizo na VoLTE hazikuweza tena kupiga kwenye rezo yake.

Kwetu Kongo, leseni za 4G zilitolewa mwaka 2018, lakini vijijini simu ndogo ya vibonyezo ingali mkononi mwa wengi. Kwa hiyo simu, mama wa soko anatuma na kupokea pesa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, akibonyeza nyota na namba, bila intaneti. Kuzima 2G kabla hajapata simu nyingine ni kumufungia mkoba.

Njia ikikatika

Kuna jambo la pili. Kila kitu kikipita njia moja, ikikatika, sauti na intaneti vinaanguka pamoja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadhoofika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Simu ya kijiji kwa kijiji inaweza kuendelea kama mashini zinazoiongoza ziko ndani ya inchi, kama antene ina njia ya pili, na kama kuna mazutu ao umeme wa jua wa kuiwasha.

Kwa mwenye kununua simu leo, ulizo ni moja: inaweza VoLTE, na kampuni yako inaikubali simu hiyo? Kwa kampuni na serkali, ulizo ni lingine: kabla ya kuzima ya zamani, nani angali anaitumia?