Afisa wa Forodha Bandia: Namna ya Kumtambua Mpakani

Afisa bandia ni mtu anayejifanya mtumishi wa mamlaka ya mapato, au wakala wa forodha mwenye leseni, ili ajipatie fedha za mfanyabiashara. Tanzania huitwa kishoka. Hukaa stendi au penye maegesho ya malori, kitambulisho shingoni na fomu mkononi. Wengine hupiga simu tu: mzigo wako umezuiwa, tuma ushuru ndani ya nusu saa, la sivyo utapigwa mnada.

Kinachompa nguvu ni mfanyabiashara kutojua anachodaiwa. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama huvuka bila ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kipo cheti rahisi kinachotolewa hapo hapo mpakani kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Kodi nyingine na vibali, kama cha afya ya mimea, vinaweza kuhitajika. Lakini anayekudai ushuru wa forodha kwa magunia manne ya maharage ya Babati unayopeleka Kenya kupitia Namanga, aulizwe ni ushuru gani.

Usihangaike sana na sare wala kitambulisho; vyote hughushiwa. Angalia fedha inakokwenda. Tanzania, malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo. Kenya, mamlaka ya mapato nayo hutoa namba ya malipo. Hakuna kodi inayotumwa kwenye laini ya simu ya mtu. Hata akiwa afisa wa kweli, akitaka umtumie yeye, hiyo ni rushwa.

Ukipigiwa simu, kata, wala usiipigie namba hiyo hiyo kuhakikisha. Nenda dirishani. Namanga, Holili na Busia ni vituo vya pamoja, maafisa wa nchi mbili wamo katika jengo moja, hivyo kuuliza hakuchukui muda. Wakala naye aulizwe jina la kampuni yake, ukalihakikishe forodhani kabla ya kumkabidhi nyaraka halisi.

Kama umeshatuma, pigia kampuni yako ya simu mara moja uombe muamala uzuiwe, kisha nenda polisi. Usifute ujumbe. Kwa walioko Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040.