Nyumba za Wageni za Le Chambon

Katika nyanda za juu za Ufaransa, kusini-mashariki mwa nchi, kuna kijiji kiitwacho Le Chambon-sur-Lignon, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu wa mijini walipanda huko wakati wa kiangazi ili wapate hewa safi, na watoto wa mji wa viwanda wa Saint-Étienne waliletwa kujenga afya. Wenyeji walifungua nyumba ndogo za kulala wageni. Majira ya baridi yalipofika theluji ilifunga njia, na vyumba vikabaki vitupu.

Wengi wa wenyeji walikuwa Waprotestanti, wazao wa Wahugenoti. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliifuta Amri ya Nantes iliyowapa mababu zao uhuru wa kuabudu. Wachungaji walifukuzwa, makanisa yakabomolewa, na waumini wakawa wanakusanyika kwa siri. Wajukuu hawakusahau maana ya kusakwa kwa sababu ya imani.

Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani. Siku moja tu baada ya mkataba wa kusitisha vita kutiwa saini, wachungaji André Trocmé na Édouard Theis waliwaambia washarika wao kwamba wajibu wa Mkristo ni kuupinga udhalimu kwa silaha za kiroho. Haukupita muda mrefu, neno hilo likabisha hodi mlangoni. Usiku mmoja wa baridi, mwanamke Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani alifika nyumbani kwa mchungaji. Magda, mke wa Trocmé, alimkaribisha ndani, kisha akaenda kwa meya kumwombea hati. Meya alikataa, na ikabidi mgeni yule aelekezwe kwingine. Magda akajua kwamba ukarimu wa aina hii hautapewa kibali.

Baada ya huyo walikuja wengine wengi. Vile vyumba vya kiangazi vikajaa, na mashamba ya jirani yakapokea waliobaki. Mashirika ya Kikristo na ya misaada, wakiwemo Wakweka na Waswisi, yaligharimia nyumba za watoto. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikaa miezi, wengine miaka. Walipewa hati za bandia na kadi za mgawo wa chakula, na watoto wakaingia shule pamoja na watoto wa kijiji. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 5,000 walipata hifadhi katika eneo hilo, wengi wao wakiwa Wayahudi.

Agosti 1942 polisi walifika na mabasi, wakidai majina ya Wayahudi. Trocmé alikataa kuyatoa. Wageni walitawanyika mashambani na msituni, na msako ukaambulia karibu mikono mitupu. Lakini haikuwa hivyo kila mara. Tarehe 29 Juni 1943 Gestapo walivamia Maison des Roches, nyumba iliyokuwa bweni la wanafunzi wakimbizi. Vijana 18 walikamatwa pamoja na mlezi wao, Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji. Watano waliotambuliwa kuwa Wayahudi walipelekwa Auschwitz, wakafia huko. Daniel alifia katika kambi ya Majdanek mwezi Aprili 1944.

Wapendwa, utulivu wa nyumba ya wageni kwa kawaida hununuliwa kwa fedha. Kule Le Chambon ulitunzwa kwa vinywa vya watu. Mwokaji mikate aliona mikate mingi mno ikienda nyumba moja, mwalimu alisikia lafudhi ya kigeni, mkulima aliona nyayo kwenye theluji, nao wakanyamaza. Mmoja tu angetoa siri, nyumba nzima ingeangamia. Kumbukumbu la Torati 19 inaagiza iwepo miji ya makimbilio ili damu isiyo na hatia isimwagike. Mji wa namna hiyo haujengwi na mchungaji peke yake.

Mwaka 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilikitunuku heshima kijiji kizima pamoja na majirani zake. Walichofanya ni kutandika vitanda, kupika supu na kufunga midomo. Waebrania 13:2 inatukumbusha tusisahau kuwakaribisha wageni. Haisemi kwamba tuanze kwa kuuliza gharama.