Gofu Katika Nchi ya Milima Elfu: Kwa Nini Ilichelewa, na Ilipofika Ilikuta Nini

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukutana na makala za sarufi, fasihi na ufundishaji. Safari hii tunaomba ruhusa ya kutoka nje ya darasa kidogo, tutazame mchezo ambao wengi wetu huuona kwa mbali tu, kupitia uzio, tukiwa ndani ya basi. Mchezo wenyewe ni gofu, na nchi tunayoizungumzia ni Rwanda.

Swali letu ni la kihistoria. Entebbe ilikuwa na uwanja wa gofu tangu mwaka 1901. Nairobi ilipata klabu yake mwaka 1906, na mwaka 1935 Mfalme George wa Tano akaipa hadhi ya kifalme. Klabu ya Gofu ya Kigali ilianzishwa mwaka 1987, yaani miaka 25 baada ya uhuru. Kwa nini pengo hilo kubwa?

Jibu la haraka ni kwamba Mwingereza hakutawala Rwanda. Ni kweli, lakini halitoshi. Ikumbukwe kuwa Wabelgiji nao walikuwa na gofu yao. Mfalme Leopold wa Pili mwenyewe ndiye aliyehimiza kujengwa kwa viwanja huko Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, kikiwemo kile cha Ravenstein mwaka 1906, kwa hesabu kwamba wafanyabiashara na watalii wa Kiingereza hawakai muda mrefu mahali pasipo na gofu. Huko Kongo, uwanja wa Léopoldville ulipewa kazi nyingine kabisa: pamoja na bustani ya wanyama, ulikuwa sehemu ya ukanda uliotenganisha makazi ya Wazungu na mitaa ya Waafrika. Nyasi zilifanya kazi ya ukuta.

Kwa maoni yetu, sababu kubwa zaidi ni mji. Gofu ya kikoloni ilihitaji mji wenye maofisa wengi na klabu yao. Kigali ilianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, lakini Wabelgiji waliitawala Ruanda-Urundi wakiwa Usumbura, Bujumbura ya leo. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Mji wa namna hiyo haukuwa na haja ya mashimo 18, wala ya ukanda wa kutenganisha watu. Kwa hiyo Rwanda ilikosa gofu, na papo hapo ikaepuka kurithi jengo la klabu lenye mlango ambao babu zetu hawakuruhusiwa kuupita. Wenzetu wa Kenya na Uganda hawakuwa na bahati hiyo.

Uwanja wa kwanza wa Kigali ulikuwa wa mashimo 9, katika bonde la Nyarutarama. Baadaye ulijengwa upya, na mwaka 2021 ukafunguliwa ukiwa na mashimo 18 yaliyosanifiwa na kampuni ya Gary Player, bingwa wa Afrika Kusini aliyekamilisha ushindi wa mashindano makubwa yote manne ya dunia mwaka 1965. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, mpira huruka mbali kidogo kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mwenye kutoka pwani na ahesabu fimbo zake upya.

Hapa kwa jina la Player tusimame kidogo, maana historia ya mchezo huu barani imo humo. Mwaka 1963, mjini Durban, Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana zaidi kwa jina la Papwa, alishinda mashindano ya wazi ya Natal. Alikuwa mtu mwenye asili ya Kihindi, aliyeanza kama kedi, yaani mbeba fimbo, na tayari alikuwa ametwaa ubingwa wa wazi wa Uholanzi mara mbili, 1959 na 1960. Kwa sheria za ubaguzi hakuruhusiwa kuingia katika jengo la klabu. Akakabidhiwa kikombe nje, mvua ikinyesha. Miaka miwili baadaye, katika mashindano yayo hayo, alimshinda Gary Player. Muda si mrefu akapigwa marufuku kushiriki mashindano makubwa nchini mwake, akafa mwaka 1978. Player, kwa upande wake, aliutetea waziwazi mfumo wa ubaguzi katika kitabu chake cha mwaka 1966. Baadaye aliukana, na mwaka 1971 ndiye aliyemwalika Mmarekani mweusi Lee Elder kucheza Afrika Kusini. Hatusemi Kigali ilikosea kumchagua msanifu huyo. Tunachosema ni kwamba kila uwanja una historia iliyotangulia nyasi zake.

Turudi Nyarutarama. Uwanja kamili huchukua makumi ya hekta. Rwanda ina eneo la kilometa za mraba 26,338, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, zaidi ya 500 kwa kila kilometa ya mraba. Kaya ya kawaida ya wakulima hulima chini ya hekta moja. Mwaka huohuo wa 2022, wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mtaa wa eneo hilo hilo uliopewa jina la utani la Bannyahe, waliondolewa baada ya mvutano wa miaka kadhaa: wengi walitaka fidia ya fedha, wakapewa nyumba Busanza. Hawakuondolewa kwa ajili ya gofu, na si haki kusema hivyo. Hata hivyo, bonde moja likiwa na vitu viwili hivi, mwanahistoria hawezi kuandika kimoja akaacha kingine.

Serikali ina hoja yake, nayo si dhaifu: mikutano, hoteli, watalii, ajira. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni hesabu ile ile ya Leopold, ila safari hii inapigwa na wenye nchi wenyewe, na tofauti hiyo si ndogo. Kitakachopima ukweli wake ni makedi. Katika Afrika Mashariki wachezaji wengi wa kulipwa walianzia hapo, kwa kubeba mfuko wa mwingine na kujifunza kwa macho.

Limebaki suala la lugha, ambalo hatuwezi kulikwepa tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Gofu tunalo, fimbo, mpira na shimo pia, na kedi linaeleweka. Ile sehemu ya nyasi fupi inayozunguka shimo haijapata jina lililotulia; wapo wasemao grini. Sisi tungependelea "uga wa shimo", lakini neno hilo wataliamua wanaokanyaga hapo kila asubuhi.