Kibao cha Koromo

Katika kiwanda chenye mashine nyingi, kazi iliyo ngumu kupita zote si kukata chuma, bali ni kujua nani atengeneze nini, kiasi gani, na wakati gani. Hesabu hiyo ikikosewa, watu hupoteza riziki yao.

Ndivyo ilivyokuwa huko Japani katika mji wa Koromo, kilipokuwapo kiwanda cha Toyota, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1937 na ambayo magari yake leo yamejaa katika barabara zetu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kampuni hiyo ilielemewa na madeni. Magari yalitengenezwa, lakini fedha hazikurudi. Mabenki yalikubali kuiokoa kwa masharti, na moja lilikuwa kwamba yasitengenezwe magari zaidi ya yale yawezayo kuuzwa. Mwaka 1950 wafanyakazi zaidi ya elfu moja waliondoka kazini, mgomo mkali ukazuka, na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu.

Katika karakana ya mashine alikuwako msimamizi jina lake Taiichi Ohno. Desturi ya siku zile ilikuwa kila karakana kutengeneza vipuri kwa kadiri ya mpango wa ofisi, kisha kuvisukuma kwenye karakana inayofuata, vikihitajiwa visihitajiwe. Basi huku vipuri vililundikana hata pa kupita hapakuwapo, na kule gari lilisimama kwa kukosa kipande kimoja kidogo. Nusu ya kwanza ya mwezi ilipita katika kungoja. Nusu ya pili ilikuwa mbio na jasho.

Ohno aliugeuza mwendo huo. Alifikiri juu ya maduka makubwa ya Marekani, ambayo alikuja kuyaona kwa macho yake mwaka 1956: mnunuzi hujichukulia rafuni akitakacho, na mwenye duka hujaza pengo lile tu. Kiwandani, kila sanduku la vipuri lilitiwa kadi iitwayo kanban, yaani kibao. Karakana ya mbele ilipochukua sanduku, kadi ilirudi nyuma kwa watengenezaji, na hiyo ndiyo iliyokuwa amri yao. Pasipo kadi, hapana kazi. Tuseme kadi ni 5 na kila sanduku lina vipuri 20: haviwezi kuzidi 100, hata mashine ikiwa na nguvu namna gani.

Mtu asidhani kwamba mafundi waliushangilia mpango huu. Fundi aliyezoea mashine moja alitakiwa sasa kuangalia kadhaa, naye aliona ustadi wake umevunjiwa heshima. Tena lile lundo la vipuri, ijapokuwa lilikula fedha, lilikuwa pumziko lake: mwenzake wa nyuma alipokwama, yeye hakukwama naye. Lundo lilipoondoka, kosa la mmoja likawa la wote papo hapo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya kadi, na ndiyo iliyokuwa ukali wake pia.

Kwa hiyo haikuenea upesi. Ilikuwa mwaka 1962 ndipo kadi zilipotumika katika kampuni nzima, na wakati huo Koromo ilikuwa imekwisha kubadilishwa jina, tangu mwaka 1959, ikaitwa mji wa Toyota.